Mwenye Kisukari na Safari Ndefu ya Baiskeli



Kijana anatoka hospitali na cheti kinachosema ana ugonjwa wa kisukari. Jioni ile ile baba anachukua baiskeli na kuifungia stoo. Mama anawaambia majirani kwamba tangu leo mtoto asitumwe mbali, asicheze mpira, asiende shamba. Kijana anabaki barazani akiwatazama wenzake wakipita. Mambo ya namna hii hutokea katika familia zetu, na chanzo chake ni upendo. Lakini ni upendo unaohitaji kufundishwa, maana kwa mwenye kisukari kukaa tu ni hasara, na kwenda bila maandalizi ni hatari. Somo letu la mwezi huu linahusu namna mwenye ugonjwa huu anavyoweza kufanya kazi au mchezo wa muda mrefu, kama vile kuendesha baiskeli, kukimbia, kutembea hija au kulima kutwa, na kurudi nyumbani salama.

Tutazungumzia zaidi baiskeli, kwa kuwa watu wa Makanyagio tunaifahamu. Hata jina la kata yetu linatukumbusha kukanyaga! Hata hivyo, anayelima ekari yake Kakese tangu alfajiri hadi mchana naye ni mwanamichezo kwa hesabu ya mwili wake. Yote tutakayosema yanamhusu.

ZAMANI NA SASA

Waumini wa Jimbo la Mpanda wanalijua jina la Adrian Atiman, katekista na mganga wa Karema. Alifika huko mwaka 1889 pamoja na msafara uliotoka pwani, akawahudumia wagonjwa wa kando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika miaka yake ya mwanzo insulini haikuwapo popote duniani. Iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza alichomwa mwezi Januari 1922. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikonda na kufa, awe wa Ulaya au wa Karema. Kwa hiyo mzazi anayehuzunika leo kwa sababu mwanawe anachoma sindano kila siku, akumbuke kwamba ndiyo sindano inayomwezesha mtoto huyo kukanyaga baiskeli.

Kisukari cha aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana: kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini. Aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, huwapata hasa watu wazima ambao miili yao haiitikii insulini vizuri, na hapo unene na kukaa bila kazi huchangia sana. Mwaka 1989 jarida la uganga la Lancet lilichapisha uchunguzi wa Profesa Donald McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania. Walimkuta na kisukari chini ya mtu mzima mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na vijijini, ulikuta karibu 9 katika kila 100. Njia za kupima hazikuwa sawa, kwa hiyo tusilinganishe namba hizo kama magunia kwenye mizani moja. Lakini kila mmoja wetu anaona jinsi safari tulizokwenda kwa miguu sasa tunakwenda kwa bodaboda.

WALIOTUTANGULIA

Mwingereza Steve Redgrave, mpiga makasia, aliambiwa ana kisukari mwaka 1997, akiwa tayari ana medali nne za dhahabu za Olimpiki. Alianza kutumia insulini, akaendelea na mazoezi, na mwaka 2000 kule Sydney akapata ya tano. Wavuvi wetu wa Karema na Ikola, wanaojua kasia ni kazi ya namna gani, watamwelewa kuliko sisi wa mjini. Ipo pia timu ya waendesha baiskeli iitwayo Team Novo Nordisk, iliyoanza kwa jina hilo mwaka 2013. Wapanda baiskeli wake wote wana kisukari cha aina ya kwanza, na wamepata kushiriki mashindano ya Milan hadi San Remo huko Italia, ambayo ni karibu kilomita 300 kwa siku moja. Watu hao wana madaktari na vipimo ambavyo sisi hatuna, hilo ni kweli. Lakini misuli yao, ini lao na insulini yao vinafuata kanuni zile zile za mwili wa mtu wa Makanyagio.

KINACHOTOKEA NDANI YA MWILI

Mtu anapokanyaga baiskeli, misuli ya miguu huchoma sukari kama jiko linavyochoma mkaa. Ini huongeza sukari katika damu ili jiko lisizimike. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini mara tu safari inapoanza, hivyo sukari haishuki kupita kiasi. Kwa mtu aliyechoma sindano mambo ni tofauti. Insulini ikishaingia chini ya ngozi haiwezi kuitwa irudi. Inaendelea kuteremsha sukari wakati misuli nayo inaichukua. Mambo mawili yanavuta upande mmoja, na sukari inashuka.

Vidonge navyo vinatofautiana, na familia nyingi hazijui hili. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuteremsha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi, ambayo wengi wetu tumeizoea, hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hukula, na yaweza kuishusha sukari vibaya kwa saa nyingi. Tazama jina la dawa yako kwenye pakiti. Kama hulisomi vizuri, mwulize mwuguzi kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa.

TUCHUKUE MFANO

Tumfikirie mwalimu wa kwaya wa Makanyagio ambaye amealikwa kufundisha nyimbo Sitalike siku ya Jumamosi. Ni kama kilomita 35 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Anatumia insulini mchanganyiko mara mbili kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi anachoma kipimo chake cha kila siku, anakunywa chai na andazi moja kwa haraka, anaondoka. Njiani yu mzima. Anafika saa tatu, anafundisha, na kwa kuwa ni mgeni anaona aibu kuomba chakula. Saa sita mchana, jua likiwa kali, anapanda baiskeli kurudi.

Hapo ndipo penye hatari. Ile sehemu ya insulini mchanganyiko inayofanya kazi polepole huwa na nguvu zaidi kuanzia saa nne hivi baada ya kuchoma na kuendelea, yaani kuanzia saa nne ya asubuhi hadi alasiri. Kwa hiyo insulini iko kileleni, tumbo ni tupu, misuli imechoka na bado inataka sukari, na mtu yuko peke yake barabarani. Anaanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi. Anadhani ni jua. Baada ya kitambo anapepesuka, maneno yanamkwama, anamjibu kwa ukali mtu anayemsalimu. Anaanguka pembeni ya barabara. Wapita njia wanasema, “Huyu kalewa,” wanaendelea na safari yao.

Ndugu msomaji, usipite. Mlevi ananuka pombe na huyu hanuki, lakini hata akinuka, mpe nafasi ya kuwa mgonjwa. Na pale Sitalike, penye viboko wa mto Katuma na lango la Hifadhi ya Katavi, si mahali pa kumwacha mtu amelala nje akisubiri ulevi umtoke.

Mwalimu wetu alikosea wapi? Hakukosea kwenda. Alikosea kuchoma kipimo kile kile cha siku ya kukaa nyumbani, kula kidogo, kuondoka bila kitu chochote mfukoni, na kuona aibu kusema, “Mimi nina kisukari, naomba nile kabla ya kuondoka.”

KABLA YA KUONDOKA

Wiki kadhaa kabla, nenda kliniki ukaseme wazi unachotaka kufanya: umbali, saa, na dawa unazotumia. Mganga atakuambia namna ya kupunguza insulini siku ya safari. Mara nyingi sindano ya kabla ya safari ndefu hupunguzwa kwa robo hadi nusu, lakini kiasi chako wewe kiamuliwe na anayekutibu, tena kijaribiwe kwanza kwa safari fupi, mathalani kwenda Magamba na kurudi. Mwenye aina ya kwanza asiache insulini kabisa hata siku moja. Mwenye matatizo ya moyo, ya macho au ya figo, au kidonda mguuni, apimwe kwanza. Huenda akashauriwa kutembea badala ya kukimbia.

Asubuhi ya safari choma tumboni, usichome pajani, kwa sababu paja linalokanyaga hunyonya insulini haraka. Pima sukari. Hospitali zetu hutumia kipimo cha milimoli, na kwa kipimo hicho ukiona chini ya 5 usiondoke. Kula kwanza, subiri, pima tena. Kati ya 7 na 10 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikizidi 14 na unasikia kiu, unakojoa sana, unasikia kichefuchefu au tumbo linauma, ahirisha safari uende ukapimwe ketoni katika mkojo. Hali hiyo ina maana insulini imepungua mwilini, na kukanyaga baiskeli kutaongeza ubaya. Wapo wanaoamini kwamba sukari ikiwa juu sana dawa yake ni kukimbia. Kwa mwenye aina ya kwanza, imani hiyo inaweza kuua.

Asiye na mashine ya kupimia nyumbani, na hao ni wengi, apime zahanati siku ya kujaribu, kabla na baada ya safari fupi, aandike namba hizo kwenye daftari. Vijiti vya kupimia ni ghali. Ndiyo maana tunasisitiza daftari: kijiti kimoja kilichoandikwa kinasaidia kuliko vitano vilivyosahauliwa.

CHAKULA CHA NJIANI

Safari ikizidi saa moja, mwili wa mwenye kutumia insulini huhitaji kulishwa njiani. Kiasi cha kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kwa kila saa ya kazi nzito. Kwa lugha ya jikoni, ndizi mbivu moja ya wastani ni kama gramu 25, na kijiko kikubwa kimoja cha asali ni kama 17. Sisi wa Katavi tuna asali ya Inyonga, hatuna haja ya kutafuta vyakula vya wanamichezo vya madukani. Viazi vitamu au mhogo wa kuchemsha ni chakula kizuri cha kula pale unapopumzika, kwa kuwa sukari yake huingia polepole kidogo. Karanga hushibisha, lakini usizitegemee sukari inaposhuka, maana mafuta yake huchelewesha.

Wengine watashangaa: mwenye kisukari aambiwe ale asali? Nyumbani akiwa amekaa, hapana. Barabarani, miguu ikiwa inafanya kazi, asali ile ni mafuta ya taa ndani ya kandili. Usile yote kwa pamoja mwishoni. Kula kidogo kidogo kila baada ya nusu saa, na unywe maji hata kabla ya kiu.

Sukari ya dharura ni kitu kingine, nayo isiliwe hovyo. Funga vijiko vinne vya chai vya sukari katika karatasi ya nailoni, weka mfukoni, siyo kwenye mfuko wa karia ambako mikono inayotetemeka haitafungua kamba. Dalili zikianza, simama mara moja, shuka kwenye baiskeli, kula ile sukari au unywe nusu chupa ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15. Kama hujapata nafuu, rudia. Ukipata nafuu, kula kitu cha kushibisha kabla ya kuendelea. Usiseme, “Nimebakiza kilomita tano tu, nitakula nyumbani.”

Mwenzako wa safari aambiwe hayo yote kabla. Afahamu pia kwamba ukipoteza fahamu asikumiminie soda wala uji mdomoni, maana utaingia mapafuni. Akulaze ubavu, apake asali kidogo ndani ya shavu, akupeleke haraka hospitali ambako utatiwa glukosi kwa mshipa. Na asikuchome insulini! Kosa hilo hufanywa na watu wenye nia njema wanaokumbuka tu kwamba mgonjwa wa kisukari “huchomwa sindano”.

HIJA NA MFUNGO

Tunasema hili kwa makusudi, kwa sababu gazeti hili ni la waamini. Kuna wazee na vijana wenye kisukari wanaotembea Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu, jua kali, tumbo tupu, wakiwa wamechoma insulini au kumeza glibenklamidi asubuhi. Wanaona kula ni kumwangusha Bwana. Sheria ya Kanisa haiwadai hivyo. Mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu huwahusu wenye miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, na mgonjwa ambaye kufunga kunamdhuru halazimiki. Ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo nayo haiwafungi wagonjwa na wazee, pamoja na wanaowahudumia, na dawa na maji havivunji mfungo huo kwa yeyote. Ukiwa na wasiwasi zungumza na paroko wako. Anaweza kukuonyesha namna nyingine ya kujinyima. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo mnaoandaa hija ya miguu, ulizeni mapema nani ana kisukari, mpangieni mwenzake wa kutembea naye, na muweke sukari na maji katika kila kituo cha kupumzika.

Viatu navyo vitazamwe. Kisukari cha miaka mingi hufisha ganzi miguu, mtu akatembea na kijiwe ndani ya kiatu kutwa nzima bila kusikia. Usivae viatu vipya siku ya hija. Vaa soksi, na kung'uta kiatu kabla ya kukivaa.

INSULINI NA JOTO

Kichupa cha insulini kinachotumika huvumilia wiki nne hivi mahali pa kivuli ambapo joto halizidi 30. Miezi ya Septemba na Oktoba nyumba za bati za Mpanda hupita hapo. Asiye na jokofu aweke kichupa katika mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, aukitie ndani ya chungu kidogo kilichowekwa juu ya mchanga wenye unyevu, mahali penye upepo. Njiani kifungwe katika kitambaa kibichi, kikae mbali na jua, kamwe kisifungwe juu ya karia. Insulini iliyopikwa na jua yaweza kuonekana nzima kwa macho na isifanye kazi.

BAADA YA KURUDI

Safari haijaisha unapofika nyumbani. Misuli iliyotumika huendelea kuvuta sukari kutoka damuni ili kujaza akiba yake, kwa saa nyingi, hata mpaka siku ya pili. Kwa hiyo sukari yaweza kushuka usiku wa manane, mgonjwa amelala, watu wote wamelala. Kula chakula cha jioni kamili, ugali au wali usipunguzwe sana siku hiyo, na uliza kliniki kama sindano ya jioni nayo ipunguzwe. Pombe iepukwe kabisa jioni hiyo, iwe bia au ya kienyeji, kwa sababu ini linaloshughulika na pombe halitoi sukari vizuri, na jirani akiona mtu analala fofofo atadhani ni pombe tu.

Katika wiki za mwanzo, mtu mmoja wa nyumbani aamke saa nane za usiku amwangalie. Ashike shingo na mgongo: kama nguo zimelowa jasho na usiku ni wa baridi, amwamshe, ampime kama kijiti kipo, ampe uji wenye sukari. Mama atakayefanya hivyo mara nne au tano, akamkuta mwanawe mkavu na anakoroma, ataweza kulala bila hofu Jumamosi inayofuata, na baiskeli itatoka stoo.